Maswali ya Bustani: Majani ya Njano, Maji ya Kisima na pH ya Udongo wa Vyunguni

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wa Dar es Salaam wanaopanda mimea kwenye vyungu, ndoo na viroba, na karibu zote, hata zile ambazo hazikulitaja jambo lenyewe, zinahusu pH ya udongo, yaani kiwango chake cha tindikali au alkali. Nimechagua sita. Baadhi nimezijibu kwa kirefu kwa sababu zimebeba tatizo ambalo naamini linawasumbua wakazi wengi wa mwambao wanaohangaika na mbolea na dawa za wadudu, ilhali chanzo chake kiko kwenye ndoo ya maji.

Ndimu na asumini zinageuka njano ingawa nazipa mbolea

*Shikamoo mwandishi. Ninaishi Mbezi Beach. Nina miche miwili ya ndimu na mmoja wa asumini kwenye vyungu vikubwa vya saruji ambavyo fundi alinitengenezea mwaka huu. Tangu mvua zikatike, majani machanga yanatoka ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Nimetia urea mara kadhaa, kisha jirani akanishauri niongeze majivu ya jikoni, lakini naona hali inazidi kuwa mbaya. Maji ninayomwagilia ni ya kisima kilichochimbwa hapa nyumbani. Je, mimea yangu ina njaa au ina ugonjwa? — Mama wa Mbezi Beach*

Marahaba mama. Mimea yako ina njaa, lakini siyo njaa ya mbolea uliyoipa. Jani changa kuwa njano huku mishipa ikibaki kijani ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma. Mmea unapokosa nitrojeni, ambayo ndiyo inayoletwa na urea, huichota kutoka kwenye majani yake ya zamani na kuipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo njano huanzia chini. Chuma hakihamishiki namna hiyo. Kikishaingia kwenye jani hubaki humo humo, na ndiyo maana upungufu wake huonekana kwanza kwenye majani mapya ya juu. Kata jani moja changa na jingine la zamani, uyalaze pamoja juu ya karatasi nyeupe wakati wa mchana. Ukiona lile changa lina wavu mwembamba wa kijani juu ya njano iliyopauka, na lile la zamani lingali kijani kote, basi usiongeze urea hata chembe.

Kinachosikitisha ni kwamba chuma chenyewe huenda kimejaa tele ndani ya vyungu vyako, maana udongo mwekundu unaouzwa mjini huipata rangi yake kutokana na madini hayo hayo. Kilichobadilika ni pH, yaani kipimo cha tindikali na alkali ambacho mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, alikianzisha mwaka 1909 na ambacho hutumika hadi leo duniani kote. Kipimo hiki kwa kawaida huanzia 0 hadi 14. 7 ni katikati, chini yake ni tindikali na juu yake ni alkali. Namba hizi hazipandi kama za rula, kwa kuwa kila hatua moja ni tofauti ya mara 10, na hivyo udongo wenye pH 8 una tindikali pungufu mara 100 kuliko wenye pH 6. Kwa chuma, badiliko hilo ni kubwa zaidi, kwa sababu kila pH inapopanda kwa namba moja, chuma kinachoweza kuyeyuka na kubaki huru ndani ya maji ya udongo hupungua takriban mara 1,000. Mizizi inazungukwa na chuma na haiwezi kukinywa. Mimea mingi ya vyunguni hustawi pale pH inapokuwa kati ya 5.5 na 6.5, na ndimu huvumilia hadi karibu na 7. Kwa mambo uliyoyaeleza, ningeshangaa sana kama vyungu vyako viko chini ya 7.5.

Chanzo cha kwanza ninachokishuku ni maji. Sehemu kubwa ya ukanda wetu wa pwani imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao kwa asili yake ni chokaa, na maji yanayokaa ndani yake hubeba bikaboneti iliyoyeyuka, yaani chumvi ya alkali inayotokana na chokaa hiyo. Unaweza kuiona bila kifaa chochote: tazama ndani ya birika unalochemshia maji ya kisima hicho, na kama kuna ukoko mweupe uliogandamana chini na pembeni, au sabuni inagoma kutoa povu, basi maji hayo ni magumu. Maji yenye bikaboneti inayolingana na miligramu 300 za chokaa kwa lita si jambo la ajabu. Ukimwagilia chungu kimoja lita 2 kila siku kwa siku 100, utakuwa umemimina humo kitu chenye nguvu sawa na gramu 60 za chokaa. Shamba lina udongo mwingi wa kuhimili badiliko hilo na mvua ya kulisafisha, chungu hakina. Na hii ndiyo sababu tatizo lako lilijitokeza baada ya mvua kukatika, kwani wakati wa masika maji ya mvua, yenye pH ya karibu 5.6, yalikuwa yakikusaidia bila wewe kujua.

Chanzo cha pili ni vyungu vyenyewe. Saruji mpya hutoa chokaa kali kwa miezi kadhaa kila inapolowa, na mizizi inayogusa ukuta wa chungu ndiyo inayoumia kwanza. Chungu cha saruji kinapaswa kulowekwa kwa wiki kadhaa, maji yakibadilishwa mara kwa mara, kabla ya kupandwa kitu, au ukuta wake wa ndani upakwe rangi ya lami isiyopitisha maji na iachwe ikauke kabisa. Chanzo cha tatu ni majivu ya jirani yako. Najua aliyatoa kwa nia njema, lakini majivu ya mkaa na kuni ni alkali, na kuyatia kwenye udongo ambao pH yake tayari imepanda ni kuongeza tatizo lile lile.

Sasa ufanye nini? Acha majivu na acha urea leo. Mimea iliyo kwenye vyungu vya saruji uitoe, ukung'ute udongo wa pembeni bila kuivunja mizizi, kisha uirudishe kwenye mchanganyiko mpya wa udongo mwekundu usiotoka karibu na ufukwe, mboji iliyoiva na makapi ya makumbi ya nazi yaliyooshwa, baada ya vyungu kutayarishwa kama nilivyoeleza. Wakati mizizi inatulia, mmea unahitaji chuma ambacho pH haiwezi kukifunga. Katika maduka ya pembejeo ulizia mbolea ya chuma na usome kifungashio kwa makini: iliyoandikwa EDTA hufanya kazi vizuri pale pH isipozidi 6.5, kwa hiyo kwako inafaa kunyunyizia majani tu, wakati iliyoandikwa EDDHA hubaki hai hata kwenye udongo wa alkali na ndiyo ya kumwagilia kwenye mizizi. Fuata kipimo cha kifungashio. Majani yaliyokwisha kupauka sana huenda yasirudi kijani kamwe. Matumaini yako uyaweke kwenye majani yatakayochipua baada ya wiki mbili au tatu.

Mmea ukishachangamka na ukahitaji nitrojeni, tumia mbolea ya SA (salfeti ya amonia) badala ya urea au CAN (nitrati ya amonia yenye kalsiamu). Nitrojeni ya SA iko katika umbo la amonia, na bakteria wa udongo wanapoibadilisha huacha tindikali nyuma yake. Kijiko cha chai kimoja, takriban gramu 5, kwenye lita 10 za maji, mara moja kila baada ya wiki mbili, kinatosha kabisa. Usiinyunyize ikiwa kavu juu ya udongo wa alkali, kwa sababu sehemu ya nitrojeni yake itageuka hewa na kupotea.

Na kuhusu maji, tegemeo la kweli ni paa la nyumba yako. Milimita moja ya mvua juu ya mita ya mraba moja ya bati ni lita moja ya maji, kwa hiyo paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20, tangi la lita 1,000 linajaa, ingawa maji ya kwanza uyaache yapite na vumbi lake. Mvua za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na za masika, kuanzia Machi hadi Mei, zinaweza kukuwekea akiba kwa mimea michache inayochagua maji, na kisima kikabaki kwa mimea isiyojali. Ukiwa na vyungu vitatu tu, naona huo ndio mpango wenye maana kuliko dawa yoyote ya dukani.

Nipimeje pH bila kifaa cha gharama?

*Habari za kazi, ndugu mwandishi. Mimi ni kijana wa Tabata, nauza miche kando ya barabara. Wateja wananiuliza pH na mimi sina jibu. Kuna kipimo cha vyuma viwili cha kuchomeka kwenye udongo kinachouzwa kwa bei nafuu, na kuna mtu aliniambia hata choya inaweza kupima. Nifuate lipi? — Muuza miche, Tabata*

Nzuri, ndugu yangu, na nakupongeza kwa kutaka kupima kabla ya kumshauri mteja. Kile kipimo cha kuchomeka sikipendekezi. Usomaji wake hubadilika kulingana na unyevu wa udongo, na mara nyingi hukuonyesha namba ya karibu na 7 popote unapokichomeka, jambo ambalo ni baya kuliko kutokuwa na kipimo, kwa kuwa linampa mtu uhakika wa uongo.

Karatasi za kupimia pH zenye rangi nyingi, siyo litmasi ya kawaida inayosema tindikali au alkali tu, zinatosha kwa kazi yako. Chota udongo kutoka katikati ya chungu, pale penye mizizi, siyo wa juu uliokauka. Weka kikombe kimoja cha udongo huo kwenye chombo safi, ongeza vikombe viwili vya maji yaliyokenekwa, koroga, acha kwa nusu saa, kisha chovya karatasi kwenye maji ya juu yaliyotulia au yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Ukitumia maji ya bomba au ya kisima utakuwa umepima maji hayo na siyo udongo. Maji yaliyokenekwa huuzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari. Hakikisha umepewa maji na siyo asidi ya betri, maana vyote viwili huwekwa rafu moja na asidi hiyo hutoboa nguo na kuunguza ngozi.

Ipo njia ya pili, ambayo kwa mtu mwenye miche mingi ni bora kwa sababu haichimbui mizizi. Mwagilia chungu hadi maji yatoke chini, subiri nusu saa hadi saa nzima, kisha mimina polepole maji yaliyokenekwa juu ya udongo, kiasi cha mililita 100 kwa chungu kidogo, na ukinge yale ya kwanza yanayotoka kwenye tundu la chini. Hayo ndiyo maji ambayo mizizi ilikuwa inayanywa, na ndiyo ya kupima. Siku utakapomudu kununua kipima pH cha kalamu, kinunue pamoja na vimiminika vya kukisahihishia, cha pH 4 na cha pH 7, kwa kuwa bila hivyo namba zake huanza kupotoka na hutajua zimeanza lini.

Choya ni kweli hubadilika rangi: ni nyekundu kwenye tindikali, na kwenye alkali hugeuka zambarau hadi rangi ya bluu iliyofifia. Lakini choya yenyewe ina tindikali kali, na ukiifanya nzito hiyo tindikali yake itaficha unachokitafuta. Loweka vipande vichache tu hadi maji yawe na wekundu hafifu, kisha tia matone machache kwenye glasi ya maji ya kisima na matone hayo hayo kwenye glasi ya maji ya mvua, uzitazame kwa pamoja. Ni njia nzuri ya kumwonyesha mteja kwamba maji haya si sawa na yale. Namba haitakupa.

Kwa anayetaka vipimo kamili vya udongo, ikiwemo chumvi na madini, zipo maabara katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na katika kituo cha Mlingano, Tanga, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Kwa ndoo mbili za mchicha sioni haja ya safari hiyo. Kwa kitalu cha biashara kama chako, ninaiona.

Nitie salfa kiasi gani?

*Ndugu mwandishi, niko Kigamboni. Nimejaza ndoo 12 za lita 20 kwa mchanga niliouchota karibu na ufukwe, uliochanganywa na mbolea ya kuku na udongo kidogo. Pilipili hoho na nyanya zimedumaa, na karatasi ya kupimia inaonyesha 8. Ndugu yangu wa Mtwara amenipa salfa ya unga wanayopulizia mikorosho. Nitie vijiko vingapi kwa ndoo? — Mkulima wa ndoo, Kigamboni*

Salfa hiyo ambayo wakulima wa korosho huitumia dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga inaweza kweli kushusha pH ya udongo, lakini kwa ndoo zako ninaomba usiitie, na nitakueleza sababu kwa hesabu.

Salfa yenyewe siyo tindikali. Bakteria wa udongo ndio wanaoila na kuigeuza kuwa asidi ya salfuriki, kazi inayohitaji unyevu, joto na hewa, na inayochukua wiki kadhaa hadi miezi. Kwa hali ya joto ya Dar es Salaam kazi hiyo huenda haraka kuliko kwenye nchi za baridi, lakini haiwi ya siku mbili. Katika mchanganyiko wa kawaida ambao pH yake imepanda kidogo, kwa mfano imefika 7 na unataka 6.5, gramu 10 kwa ndoo ya lita 20, zikichanganywa ndani na siyo kutandazwa juu, ni kiasi cha kuanzia, na mtu hapaswi kuongeza nyingine mpaka apime tena baada ya wiki sita au nane.

Mchanga wako ni suala jingine. Chukua kijiko kimoja cha mchanga huo ukiwa mkavu, uweke kwenye kisahani na udondoshee siki au ndimu, kisha sogeza sikio. Ukisikia mchechemo na kuona vipovu vidogo vikitoka kati ya punje, basi humo mna vipande vya matumbawe na makombe, ambavyo ni chokaa tupu. Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga wa aina hiyo huwa na uzito wa karibu kilo 25. Tuseme chokaa ni sehemu 5 tu kwa kila 100; hizo ni kilo moja na robo za chokaa. Kilo moja ya chokaa huhitaji takriban gramu 320 za salfa ili iishe nguvu, kwa hiyo ndoo yako moja itataka gramu 400, na ndoo 12 zitakula karibu kilo 5. Kabla chokaa haijaisha, pH haitateremka kwa maana yoyote, na ikiisha utakuwa umezalisha chumvi nyingi za salfeti ndani ya ndoo ambayo tayari ina chumvi ya bahari na chumvi ya mbolea ya kuku. Mmea hautapona hapo.

Mwaga mchanga huo. Najua ni maneno mazito kwa mtu aliyejaza ndoo 12 kwa mikono yake, lakini ndiyo njia ya gharama ndogo. Tafuta mchanga wa mtoni au wa machimbo ya nchi kavu, uupime kwa siki kwanza pale pale unapouzwa, na mbolea ya kuku iache iive kwa miezi kadhaa kabla ya kuitumia, tena isizidi sehemu moja kati ya kumi. Ukipata makapi ya nazi uyaloweke na kuyamwagia maji yasiyo na chumvi mara kadhaa, kwa sababu maganda ya nazi mara nyingi hulowekwa kwenye maji ya chumvi ili yalainike. Salfa ya ndugu yako uitunze mahali pakavu, mbali na moto na watoto.

Shangazi wa Njombe anasema nitie chokaa kila msimu

*Mwandishi, nyanya zangu za kwenye viroba hapa Kinyerezi zinaoza kitako. Shangazi yangu anayelima Njombe anasisitiza kwamba udongo wote wa Tanzania una tindikali na lazima nitie chokaa kila msimu. Dukani nimepata chokaa ya kupaka nyumba. Inafaa? — Dada wa Kinyerezi*

Dada, shangazi yako anasema kweli kwa shamba lake. Nyanda za Juu Kusini zina mvua nyingi ambayo kwa miaka mingi imesafisha kalsiamu na magnesiamu kutoka kwenye udongo, na huko pH ya 5 au chini yake ni jambo la kawaida. Alumini huyeyuka na kuunguza mizizi, fosforasi hufungwa, na chokaa huokoa mazao. Kosa ni kuuhamisha ushauri huo mzima mzima hadi Dar es Salaam, kwenye kiroba kinachomwagiliwa maji ya kisima. Hili nalisisitiza kwa sababu vitabu na vipeperushi vingi vya kilimo nchini vimeandikwa kwa ajili ya mashamba ya bara, na msomaji wa pwani huvifuata kwa uaminifu mpaka anaua mimea yake.

Nyanya kuoza kitako ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, lakini mara nyingi sana chanzo chake kwenye kiroba ni umwagiliaji usio na mpangilio: leo udongo umekauka kabisa, kesho umefurika. Kalsiamu husafiri na maji, na safari ikikatika, ncha ya tunda ndiyo inayokosa. Mwagilia kila siku kwa kiasi kile kile, funika udongo kwa nyasi kavu, na upunguze mbolea ya nitrojeni. Kisha pima pH. Ikiwa iko chini ya 5.5, na inaweza kuwa hivyo kama umetumia maji ya mvua pamoja na SA au urea kwa muda mrefu, hapo chokaa ina nafasi.

Hata hivyo usitumie ya kupaka nyumba. Hiyo ni chokaa iliyozimwa, yenye alkali kali inayozidi pH 12 ikiloweshwa, na kwenye kiroba kidogo ukikosea kijiko kimoja umechoma mizizi. Tafuta chokaa ya kilimo, au bora zaidi dolomaiti, ambayo pamoja na kalsiamu ina magnesiamu. Anza na gramu 20 hadi 40 kwa kiroba cha lita 20, uichanganye vizuri na udongo kabla ya kupanda, na upime tena baada ya mwezi mmoja. Unga laini hufanya kazi mapema kuliko chenga. Na mfikishie shangazi salamu zangu. Viazi vyake vya Njombe navila kila wiki.

Siki, masimbi ya kahawa, maganda ya mayai na magadi

*Tunaona watu wakishauri kumwagilia mimea siki au maji ya ndimu, kutia masimbi ya kahawa, maganda ya mayai, na wengine hata magadi. Tuamini kipi? — Kikundi cha akina mama, Sinza*

Siki na ndimu hushusha pH ya maji mara moja, na kwa maji magumu huweza kusaidia kidogo: asidi ya sitriki ya unga, ile inayotumika kwenye juisi, gramu 4 hivi kwa ndoo ya lita 20, huondoa sehemu ya bikaboneti. Lakini asidi hizi ni chakula cha vijidudu vya udongo, na vikishazila, bikaboneti hurudi. Ni msaada wa siku chache. Siki isiyochanganywa na maji, ikimwagwa moja kwa moja kwenye chungu, huua mizizi.

Masimbi ya kahawa yaliyokwisha kutumika yana tindikali ndogo mno; yatieni kwenye mboji. Maganda ya mayai ni chokaa, ila yasiposagwa yakawa unga hukaa kwenye udongo kwa miaka bila kuyeyuka. Magadi msitie kamwe, wala soda ya kupikia. Yote mawili yana sodiamu, ambayo huharibu muundo wa udongo, hupandisha pH na kuunguza mimea, na kuiondoa kwenye chungu ni kazi ngumu.

Nina mchicha na mrehani ghorofani. Nihangaike na pH?

*Naishi ghorofa ya nne Upanga. Nina vyungu vya plastiki vya mchicha, mrehani na mnanaa, natumia maji ya bomba, na kila kitu kinastawi. Baada ya kusoma mengi kuhusu pH nimeingiwa na wasiwasi. — Mzee mstaafu, Upanga*

Shikamoo mzee wangu. Usiwe na wasiwasi. Maji ya bomba ya jiji kwa sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu, na kwa kawaida hayabebi chokaa nyingi kama ya visima vya pwani. Mchicha na mrehani huvumilia pH kutoka 6 hadi juu kidogo ya 7, na mnanaa nao si mchaguzi. Majani mapya yakitoka ya kijani, usitie chokaa, usitie salfa, usitie chochote cha kurekebisha. Kitu kimoja tu nakuomba ukitazame: ukiona utando mweupe ukijijenga juu ya udongo au kwenye mdomo wa chungu, hasa katika miezi ambayo maji ya bomba hukatika na jengo likaletewa maji ya boza, ambayo mara nyingi ni ya kisima, basi mvua itakaponyesha visogeze vyungu pembeni mwa kibaraza vinyeshewe mpaka maji yatiririke chini kwa wingi. Kama mvua iko mbali, badilisha udongo wa juu kwa kina cha vidole vitatu, utie mboji, na uendelee kuchuma mchicha wako.